Seva ya sinema ya nyumbani: kuchagua kompyuta ndogo isiyovuma wala kumaliza uniti

Seva yangu ya kwanza ilikuwa kompyuta ya mezani ya zamani, moja ya yale masanduku ya kusimama ambayo ofisi nyingi zimeshayaondoa. Niliipata bure, nikaijaza video za harusi za ukoo, katuni za watoto na taarabu nilizonakili kutoka kwenye DVD zetu, nikaificha nyuma ya TV. Ilifanya kazi bila shida. Mwezi wa pili mke wangu akanionyesha meseji za LUKU kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, akauliza: "Baba Salma, hivi hicho kinachovuma usiku kucha kinakula uniti ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilipolipata, niliizima siku hiyohiyo.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuweka picha na video zake zote mahali pamoja, yaani kwenye seva, zionekane kwenye TV ya sebuleni, simu na kishikwambi cha watoto bila kutegemea bando. Nitaeleza jinsi ya kuchagua mashine yenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza hela. Programu ni za bure na kuziweka ni kazi ya jioni moja.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya umeme wa kukaa bure

Wengi huanza kwa kuuliza prosesa ni i5 au i7, RAM ngapi. Mimi naanza na swali la Mama Salma. Seva huwashwa saa 24, lakini kazi halisi ni saa tatu au nne za jioni. Saa zote zilizobaki imekaa tu inasubiri. Kwa hiyo namba inayouma mfukoni ni watti inazokula ikiwa haifanyi chochote.

Hesabu ni watti mara saa 24, mara siku 30, kisha gawa kwa 1,000. Lile sanduku langu lilikula watti 60 likiwa limetulia, yaani uniti 43 kwa mwezi. Kompyuta ndogo ya watti 10 inakula uniti 7 na kidogo. Kwa mteja wa T1, kundi la kawaida la bei za TANESCO, anayelipa karibu shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo ndani, hiyo ni shilingi 15,400 dhidi ya 2,600 kila mwezi. Kwa mwaka tofauti inapita laki moja na nusu.

Mwenye D1 aangalie zaidi. Kundi hilo ni la nyumba ambazo wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti moja inatoka kwa shilingi 122 hivi. Chukua nyumba inayotumia uniti 60. Ukiiongezea mashine ya watti 10 inafika 67, bado iko D1, na bili inapanda kwa shilingi mia nane na kitu. Ukiiongezea sanduku la watti 60 inafika 103. Ukihamishiwa T1 kwa sababu hiyo, nyumba iliyokuwa inalipa kama 7,300 kwa mwezi inalipa zaidi ya 36,000. Kompyuta ya bure hiyo.

Utajuaje watti za mashine uliyonayo? Kuna vipimo vya kuchomeka kwenye soketi, na ukikipata nunua. Ukikosa, mita ya umeme inatosha. Itazame vizuri: ina taa ndogo inayopepesa, na karibu yake pameandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, maana yake taa hupepesa mara hizo kwa kila uniti moja. Washa kompyuta, iache dakika kumi itulie, kisha zima kila kitu kingine ndani, friji ikiwemo. Taa ikipepesa anza kuhesabu muda kwenye simu. Ikipepesa tena simamisha. Kwa mita ya 1000, gawa 3,600 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 60 ni watti 60. Sekunde 360, yaani dakika sita nzima za kuitolea macho, ni watti 10. Kwa mita ya 1600 gawa 2,250 badala ya 3,600. Mimi nilikaa kwenye stuli kibarazani na simu mkononi, jirani akapita akaniuliza kama siku hizi nimeajiriwa TANESCO.

Lengo langu kwa mashine ya kazi hii ni watti 12 au pungufu ikiwa imetulia, diski ikiwemo.

Hatua ya pili: iulize TV kabla ya kuuliza bei

Faili la video limebeba vitu vitatu: picha, sauti na manukuu. Picha na sauti zimebanwa kwa namna fulani, ndiyo tunayoiita kodeki. TV ikiijua kodeki iliyotumika, seva inakuwa kama karani wa stoo: inachukua faili kwenye diski na kulikabidhi kama lilivyo. Kazi hiyo hata mashine ya miaka kumi iliyopita inaifanya huku imesinzia. TV isipoijua, seva italazimika kuifungua ile video na kuibana upya kwa namna ambayo TV inaielewa, papo hapo, fremu 24 na zaidi kila sekunde. Huko kugeuza ndiko kunakoamsha feni na kukulazimisha kununua prosesa ya maana.

Kodeki ya H.264 inachezwa karibu na kila TV janja na kila simu. H.265, inayoitwa pia HEVC, inachezwa na TV nyingi za 4K, lakini zile za HD za bei nafuu ni bahati nasibu. AV1 ni ya TV mpya tu. Usidhani HEVC ni ya sinema za kupakua peke yake: iPhone 7 na zilizofuata, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, hurekodi kwa kodeki hiyo isipokuwa mwenyewe amebadilisha, kwa hiyo video ya send-off uliyotumiwa na shemeji inaweza kuwa ndiyo inayoitesa TV yako.

Sauti haina makuu. AAC na AC3 hazisumbui. DTS husumbua kwenye TV nyingi, ila kugeuza sauti peke yake ni kazi nyepesi kwa mashine yoyote. Manukuu ndiyo yenye mtego. Yale ya maandishi, ya faili za SRT, hayana gharama. Yale ya DVD na Blu-ray ni picha, na programu nyingi za TV haziwezi kuyaonyesha; seva inalazimika kuyachora juu ya kila fremu na kuibana video yote upya. Nimewahi kuona mashine nzuri tu ikihema kwa sababu ya mistari miwili ya maandishi ya njano.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, chagua video tano za aina tofauti kutoka kwenye mkusanyiko wako, ziweke kwenye flashi, chomeka kwenye TV. Zote zikicheza, karibu mashine yoyote katika hatua inayofuata itakutosha. Zikigoma mbili au tatu, linganisha bei: mara nyingi kisanduku kidogo cha Android TV kinachosoma HEVC, ukikichomeka kwenye HDMI ya TV hiyohiyo, ni rahisi kuliko kununua seva yenye nguvu zaidi.

Hatua ya tatu: chagua aina ya mashine

Ninayoipendekeza kwanza ni kompyuta ndogo ya ofisini, ya mtumba. Kampuni tatu zinazitengeneza kwa umbo linalokaribiana, kama sentimita 18 kwa 18 na unene wa tatu na nusu: Dell wana OptiPlex Micro, HP wana EliteDesk na ProDesk Mini, Lenovo wana ThinkCentre Tiny. Zimejaa Kariakoo, na Nairobi utazikuta Luthuli Avenue. Ndani zina nafasi ya diski moja ya inchi 2.5, na nyingi zina nafasi ya SSD (diski isiyozunguka) nyembamba ya M.2 pia, kwa hiyo mfumo unakaa kwenye moja na video kwenye nyingine bila kebo kuning'inia nje. Zikiwa zimetulia nyingi hula kati ya watti 8 na 12.

Kuna sababu ya zilivyo nyingi. Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, na msaada wa Windows 10 umeisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi zinaziondoa zikiwa bado nzima. Wewe utaweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ambao hauna habari na masharti hayo.

Ila soma namba ya prosesa, usisome jina la sanduku. Katika i5-6500T, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, 6, ndiyo kizazi. Katika i5-7500T ni cha 7. Katika i5-8500T ni cha 8. Tofauti ya 6 na 7 inaonekana ndogo lakini kwa kazi hii ndiyo yote. Ndani ya prosesa za Intel mna kipande maalumu cha kushughulikia video kinachoitwa Quick Sync. Kizazi cha 6 kinaiweza H.264, na HEVC ya biti 8. Kizazi cha 7 kinaongeza HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo ya video nyingi za 4K. Bila kipande hicho, kazi inaangukia prosesa yenyewe, inapanda asilimia mia, na video inakatakata. Mtego uko hapa: OptiPlex 3050, EliteDesk 800 G3 na ThinkCentre M710q ziliuzwa na prosesa za vizazi vyote viwili. Sanduku ni lilelile, bei dukani ni ileile. Ukitaka kukwepa bahati nasibu, tafuta OptiPlex 3060, EliteDesk 800 G4 au M720q, ambazo zinaanzia kizazi cha 8.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. T ni prosesa iliyowekewa kikomo cha watti 35 ikikimbia. Nzuri, inapunguza joto, lakini haibadilishi sana umeme wa kukaa bure, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya T peke yake. F ni ya kukwepa: haina sehemu ya picha kabisa, na kwa hiyo haina Quick Sync. i3 ya kizazi cha 8 ni bora kwa kazi hii kuliko i7 ya kizazi cha 6, hata kama muuzaji atakuapia.

Ya pili ni visanduku vipya vya Intel N100, prosesa iliyotoka mwaka 2023. Vinaenea kiganjani, vinatulia kwenye watti 6 hadi 10, na kipande chake cha video ni cha kisasa kuliko vyote nilivyotaja: kinafungua hata AV1. Vingi vinatumia volti 12, jambo ambalo litakuwa na faida tukifika kwenye kukatika umeme. Ubaya wake ni majina. Majina ya wanaoviuza ni mengi, yanabadilika kila mwezi, na kikiharibika baada ya mwaka hupati wa kumuuliza. Ukienda njia hii, nunua kwa mtu mwenye duka na risiti, na ukifika nyumbani tupa SSD iliyokuja nayo kama haina jina la kampuni unayoijua.

Raspberry Pi, ile kompyuta ya ubao mmoja mdogo, naipenda, ninazo mbili, na sikushauri uinunue kwa kazi hii. Pi 4 na Pi 5 hula kama watti 3 tu zikitulia na zinafaa sana pale TV inapocheza kila kitu yenyewe. Lakini Pi 5 ya mwaka 2023 haina kabisa kipande cha kubana video, na hata cha kufungua H.264 imeondolewa. Ukijumlisha chaja yake, kasha, feni na diski, bei inafika ya OptiPlex iliyokamilika.

Halafu kuna laptopu ambayo skrini imepasuka. Usicheke. Imetengenezwa itumie umeme kidogo, na ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika haina habari. Fundi atakupa kwa bei ya kutupa kwa sababu skrini yake ni ghali kuliko mashine yenyewe. Sheria ya vizazi ni ileile. Angalia tu betri isiwe imevimba: iweke juu ya meza ya kioo, ikiyumba kama sahani yenye tumbo, iache. Laptopu nyingi zina mpangilio wa kuzuia betri isijae zaidi ya asilimia 80. Uwashe, kwa sababu betri inayokaa imejaa na joto mwaka mzima ndiyo inayovimba.

Mashine zenye AMD Ryzen zinaweza kazi, lakini ubora wa video ya H.264 wanayobana papo hapo uko nyuma ya Intel, na maelezo ya kuziweka sawa ni machache. Mimi nisingeanza nazo.

Hatua ya nne: dukani, na flashi mkononi

Nyumbani, weka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwenye flashi ili iweze kuwasha kompyuta bila kugusa diski yake. Nenda nayo. Muuzaji anayekataa usiwashe mashine kwa flashi yako, muage kwa heshima.

Kwanza ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka. Ikidai nenosiri, rudisha mashine mezani. Zilizotoka ofisini huwa zimefungwa, na muuzaji atakwambia fundi anatoa kwa dakika tano. Atoe basi, wewe ukiwa umesimama hapo.

Ndani ya BIOS tafuta kipengele cha umeme kurudi. Dell wanakiita AC Recovery, HP na Lenovo wanakiita After Power Loss. Kiweke kwenye Power On, hifadhi, zima, chomoa waya ukutani, subiri dakika moja, chomeka. Mashine ijiwashe bila kubonyezwa. Kisha rudi BIOS uone kama saa na mpangilio wako bado upo. Nasisitiza kwa sababu nilipuuza. Nilisafiri kwenda msibani Tanga, umeme ukakatika nyumbani na kurudi, seva ikabaki imezima siku nne. Mpangilio niliuweka mwenyewe, kwa mkono wangu. Kumbe ile betri ndogo ya duara ya CR2032 kwenye ubao ilikuwa imekufa, na kila umeme ukikatika BIOS inasahau kila kitu, pamoja na agizo la kujiwasha. Betri ya bei ya soda mbili. Siku hizi mashine ya mtumba nikiinunua naibadilisha hiyo kabla ya kitu kingine.

Angalia chaja. Dell huitambua chaja yake kwa pini ya katikati. Ukiwasha na chaja ya bandia, itaandika kwamba haiitambui na itapunguza kasi ya prosesa makusudi. Mtu anaweza kutumia mashine ya namna hiyo mwaka mzima akilalamika ni nzito.

Fungua mfuniko. Mashine nyingi zimetolewa diski, na pamoja nazo kile kishikio cha plastiki na utepe wa SATA unaoiunganisha diski na ubao. Utepe wa HP hasa ni wa kutafuta. Visipokuwepo, bei ishuke.

Mwisho, ukiwa ndani ya Ubuntu, fungua sehemu ya kuandika amri:

`lscpu | grep Model`

`ls /dev/dri`

Ya kwanza itakupa namba kamili ya prosesa. Ya pili ionyeshe `renderD128` miongoni mwa majibu. Huo ndio mlango wa Quick Sync. Ukiwa na intaneti ya simu, weka programu ya `vainfo` na uiendeshe. Tafuta mstari wenye `VAProfileHEVCMain10`. Ukiwepo, mashine inaielewa HEVC ya biti 10 na unaweza kutoa hela.

RAM ya GB 8 inatosha kabisa. Ukiambiwa 4, ongeza kipande kimoja.

Hatua ya tano: diski, na umbizo lake

Video ya 1080p ya megabiti 8 kwa sekunde inachukua GB 3.6 kwa saa. TB 1 inabeba kama saa 270. Familia nyingi zinaanza na TB 1 au 2 na hazijai haraka zinavyodhani.

Diski ya inchi 2.5 inakunywa watti moja hadi mbili na husikii kitu. Ya inchi 3.5 ina nafasi kubwa kwa bei ndogo, lakini inahitaji chaja yake ya volti 12, inakula watti nne hadi sita hata ikiwa haina kazi, na usiku wa kimya unasikia inavyokuna. Kama seva inakaa sebuleni, inchi 2.5. Kama inakaa stoo, chagua unavyopenda.

Diski ya mtumba ipime kwa `smartctl -a`. Safu za Reallocated na Current Pending ziwe sifuri. Na ile SSD ya kuchomeka ya "TB 16" inayouzwa kwa bei ya chipsi kuku ni flashi ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Programu ya F3 inaijaza data na kuisoma tena, na ukweli unatoka.

Sasa la umbizo, yaani namna diski inavyopangwa kuhifadhi faili, ambalo wachache wanalizungumzia. Diski za kuchomeka nyingi huja zikiwa na exFAT ili zisomeke kila mahali. exFAT haina daftari la kuandika kinachoendelea. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, inaweza kupoteza njia ya folda nzima. Nilipoteza hivyo video za ubatizo wa mpwa wangu, na nilizipata tena kwa sababu tu mpiga picha alikuwa hajafuta. Kwa mashine ya Linux inayoishi kwenye umeme wetu, tumia ext4. Itaanza kwa kusoma daftari lake, itajirekebisha, itaendelea.

Ukiiandika diski kwenye `/etc/fstab`, faili linaloiambia Linux ifungue diski zipi ikiwaka, usisahau neno moja:

`UUID=namba-ya-diski /mnt/video ext4 defaults,nofail 0 2`

Hilo `nofail` linaiambia mashine iendelee kuwaka hata diski isipopatikana. Bila hilo, kebo ikilegea mashine itasimama njiani ikisubiri mtu mwenye kibodi, na wewe uko kazini.

Nakala ya pili ya video za familia ikae kwenye diski nyingine, nyumba nyingine. Yangu iko kwa dada yangu Mbagala, kwenye kabati la vyombo vya wageni.

Hatua ya sita: kelele, joto na wadudu

Visanduku visivyo na feni kabisa vinavutia, na ulaya kwenye baridi vinafaa. Dar es Salaam mwezi wa Februari chumba kikiwa nyuzi 32, kasha lenyewe ndilo linalotoa joto, na utashindwa kuliacha mkono juu yake. Prosesa ikichemka inajipunguza kasi. Napendelea mashine yenye feni ndogo inayozunguka taratibu. Kwenye BIOS kuna mipangilio ya feni. Chagua iliyo tulivu, kisha cheza video ya kugeuzwa kwa nusu saa na uangalie joto kwa amri ya `sensors`. Chini ya nyuzi 80 nalala usingizi.

Mashine ya mtumba inayovuma mara nyingi haina tatizo la feni bali la vumbi. Ifungue, pepeta kwa brashi laini, futa ule uji mkavu juu ya prosesa na upake mpya. Yangu ilitoka kuvuma kama feni ya jiko la mkaa ikawa huisikii ukiwa umekaa kwenye kochi.

Usiifungie kwenye kabati la TV wala kuiweka juu ya king'amuzi. Isimamishe wima, ipate hewa pande zote mbili. Na weka miguu yake mbali na ukuta wenye sisimizi, maana wanapenda joto. Walioko Zanzibar, Mombasa au Kigamboni wanajua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Isikae karibu na dirisha.

Hatua ya saba: umeme unapokatika na unaporudi

Unaorudi ndio hatari zaidi. Weka kinga ya umeme, ile ya friji inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kupitisha, au ya TV.

Kwa kisanduku cha N100 cha volti 12, zile UPS (betri za akiba) ndogo za ruta zinaweza kukitosha. Soma chini ya kisanduku: kikiandika volti 12 na ampea 3, UPS nayo iwe na uwezo wa kutoa ampea 3, na plagi iwe ya ukubwa uleule. Kwa OptiPlex na wenzake wanaotumia volti 19.5 au 20, chukua UPS ya kawaida ya VA 650. Ina betri ya volti 12 na Ah 7, na kwa mzigo wa seva na ruta peke yake utapata saa moja na zaidi. Usichomeke TV hapo, itazimaliza dakika.

Hatua ya nane: programu na waya

Weka Debian au Ubuntu Server bila mazingira ya dirisha, kisha Jellyfin, programu ya kupeleka video kutoka seva kwenda TV na simu. Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018, wakati Emby, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ilipofunga msimbo wake na baadhi ya wachangiaji wakachukua ule wa wazi wakaenda nao. Ni ya bure mpaka ndani, pamoja na kutumia Quick Sync, ambayo Emby na mwenzake Plex wanaitoza. Muongeze mtumiaji `jellyfin` kwenye kundi la `render`, fungua kivinjari kwenye anwani ya seva ukimalizia na `:8096`, nenda sehemu ya uchezaji, chagua QSV (ndiyo Quick Sync), weka alama kwenye kodeki ambazo `vainfo` ilikuonyesha tu. Ukiweka alama kwenye AV1 wakati prosesa haina, video itagoma bila kukueleza kwa nini.

Seva iunganishwe na ruta kwa waya. Hata tundu la megabiti 100 linatosha video kadhaa za 1080p kwa pamoja. TV ikiwa na Wi-Fi, itumie ya 5 GHz kama ipo. Na uipe seva anwani ya kudumu kwenye ruta, la sivyo siku moja itahama na watoto watakupigia simu kazini.

Ukitaka ndugu walioko Muscat au mikoani waone harusi, usihangaike kufungua milango kwenye ruta ya laini ya simu. Mitandao mingi ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na milango hiyo haifiki kokote. Tailscale, programu inayounganisha vifaa vilivyo mbali kama vile viko kwenye mtandao mmoja, ina daraja la bure na inapita hapohapo. Kikomo chako kitakuwa kasi ya kupakia, kwa hiyo waache wachague ubora wa megabiti 2 au 3, na hapo Quick Sync itapata kazi yake.

Kabla ya kuirudisha nyuma ya TV, fanya jaribio la mwisho. Mwambie mtu aanze kuangalia video sebuleni. Kama una UPS au laptopu, zima swichi kuu ya nyumba, ngoja dakika kumi, uone seva inabaki hai, na ruta pia kama iko kwenye UPS. Kisha izime seva vizuri kwa amri, chomoa kila kitu, hesabu dakika moja, rudisha umeme bila kugusa kitufe chochote. Nenda jikoni ukachemshe chai. Ukirudi, Jellyfin iwe imefunguka kwenye TV, na video ianzie pale ilipokatikia.